Mstari Mfupi Kuliko Yote

Enzi zetu, wewe uliyekula kwa taa ya koroboi utanishuhudia, njaa peke yake haikutosha kukupa chakula. Ulihitaji na mstari. Sufuria iliteremshwa mekoni, sahani zikapangwa, mvuke ukapanda hadi kwenye mabati meusi kwa moshi, na bado hakuna mkono uliosogea. Baba alikohoa. Kikohozi hicho ndicho kilikuwa kengele. Kila mtoto aseme mstari wake wa Biblia, kuanzia mkubwa kuteremka hadi mdogo, na mstari ambao mwenzako ameshausema jioni hiyo hukuruhusiwa kuurudia. Aliyekosa mstari alipakuliwa wa mwisho, na katika nyumba yetu wa mwisho alikula harufu.

Sheria hiyo Baba aliitoa kanisani, ambako alikuwa mzee wa kanisa, na mzee wa kanisa wa Mitunguu wa siku zile hakuwa mtu wa mchezo. Alikuwa na migomba iliyonyweshwa kwa mfereji, baiskeli yenye kengele mbili, na sala iliyoanzia bustani ya Edeni. Ilipita kwa wafalme wa Israeli, ikawasalimu wagonjwa na wafungwa, ikaiombea serikali hekima, na ilipofika kwenye chakula ilikuwa imechoka. Sisi pia. Mama alitoka upande wa Kiritiri, kule Mbeere ambako mvua huja kama mgeni asiyetaka kulala, na yeye sala yake ilikuwa moja: "Mungu, umeona." Basi. Anasema hivyo akifunga mbuzi, akipanda ndengu, akimtazama Baba. Waliishi pamoja miaka yote hiyo bila kugombana juu ya Mungu hata siku moja, ingawa ukiwasikiliza ungeapa wanazungumza na watu wawili tofauti.

Tulikuwa watoto wanne. Nilikuwa nikituhesabu mara mbili kila jioni, kwa sababu viazi vilihesabiwa mara moja tu.

Mkubwa wetu Kawira alichagua mistari jinsi mtu anavyochagua mawe ya kurusha. Ukimwibia mafuta ya kujipaka mchana, jioni utasikia mstari kuhusu wezi. Ukilala hadi jua litoke, utasikia habari za chungu na bidii yao. Mdomo wake ulikuwa kwa Mungu na macho yake kwako. Baba alimwona mcha Mungu, sisi tulimwona polisi. Baada yake nilikuja mimi, Karimi. Baada yangu alikuja Mutuma. Wa mwisho alikuwa Kinoti, mtoto wa miaka minne aliyesamehewa mistari. Yeye kazi yake ilikuwa kusema "Amina," na aliisema kabla ya wakati kila siku, mkono ukiwa tayari sahanini.

Mutuma ulimi wake ulikuwa mzito. Maneno yalikuwa yakimkwama mdomoni kama ng'ombe wawili wanaotaka kupita mlango mmoja. Herufi ya kwanza ilimshika, akafumba macho, shingo ikakaza, na sote tukajikuta tunamsaidia kwa midomo yetu bila sauti. Lakini mpeleke nje sasa. Hakuna aliyemshinda kuteleza mteremkoni juu ya gogo la mgomba, utomvu ukimrukia kaptula hadi Mama akakata tamaa ya kuifua. Mpira wa majani makavu ya migomba aliusuka yeye, ukadumu muhula mzima. Aliita ndege kwa mluzi na ndege wakajibu. Ni watu tu ndio aliwajibu polepole, na mtu akijibiwa polepole hudhani anajibiwa na mjinga.

Sasa, katika Biblia nzima kuna mstari mmoja mfupi kuliko yote. Unaujua, usijifanye. Ule wa Yesu kulia, wenye maneno matatu. Kwa mtoto mwenye njaa huo haukuwa mstari, ulikuwa njia ya mkato kupitia shamba la mtu. Kwa Mutuma ulikuwa zaidi ya hapo. Maneno matatu angeweza kuyavuka hata kwa kukwama, na chakula kikaliwa kingali moto. Shida yake ni kwamba zamu yangu ilikuja kabla ya zamu yake. Nikiusema mimi, yeye hana.

Nilipogundua hilo nilihisi kama mtu aliyeamka akakuta barabara imechorwa kupita mbele ya plot yake.

Nilimwita nyuma ya ghala la mahindi, nikamwambia kwamba leo nimechoka sana, naona nitasema ule mfupi. Jioni hiyo alinisukumia ukoko wake, ule mkavu wa chini ya sufuria ambao watoto waliupigania kama ardhi. Kesho yake nikasema ukoko na kiazi. Akaitikia kwa kichwa. Hakuwahi kuomba nipunguze. Mtu asiyeomba kupunguziwa huharibu soko, lakini hilo sikumwambia.

Na hapa ndipo utaona Mungu ana ucheshi wake. Ili nimwachie Mutuma ule mfupi, mimi ilinilazimu kujifunza mirefu, mmoja kila siku, kwa sababu Kawira naye alikuwa akinichukulia ile rahisi. Nilikariri mithali, nyaraka, nasaba za watu ambao majina yao ni kama kokoto mdomoni. Ukoko ulinifundisha Biblia kuliko mwalimu yeyote. Baba alinisifu mbele ya wageni kwamba huyu Karimi ataolewa na mchungaji. Niliolewa na fundi wa pampu za maji, lakini hiyo ni hasara ya wachungaji.

Basi tulienda hivyo zaidi ya mwaka, hadi ikakaribia Siku ya Watoto. Wewe wa rika langu unaikumbuka. Magauni ya maua yaliyoshonwa makubwa ili tukue ndani yake, miguu iliyopakwa mafuta ikang'aa hadi vumbi likashukuru, mabenchi yaliyobana nyama za mapaja. Kila mtoto wa shule ya Jumapili alisimama mbele ya kanisa zima akasema mstari wake. Aliyesema alipokelewa kwenye darasa la ubatizo. Asiyesema alingoja mwaka mwingine. Na huko kanisani pia, mstari uliokwisha kusemwa haukurudiwa.

Mutuma alikuwa amengoja mara mbili. Mwaka wa kwanza alisimama, herufi ikamshika, mwalimu akamwambia aketi, mwakani atajaribu. Mwaka wa pili ikawa hivyo hivyo. Sasa magoti yake yalipita kimo cha benchi, watoto walimwita Babu wa Sande Skul, na mmoja alimuuliza kama ana wajukuu. Baba hakusema kitu, na kwa mtu mwenye sala ndefu namna ile, kunyamaza ni jambo kubwa. Nilimsikia akimwambia Mama kwamba mtoto akikosa mara ya tatu hatamsimamisha tena, atamwacha akae na ng'ombe, aibu ina mwisho. Mama alisema, "Mungu, umeona."

Nami nikaona. Nilimwambia Mutuma kwamba Siku ya Watoto nitamwachia ule mfupi, na bei yake, kwa kuwa ni siku kubwa, ni chapati zake zote za Krismasi. Chapati, ndugu yangu. Siku zile chapati ilikuja mara moja kwa mwaka, kama Masihi mwenyewe. Mutuma alifikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa.

Wiki hiyo hiyo akafika Njeru, mtoto wa mjomba kutoka Kiritiri, aliyeletwa kwetu kwa siku chache kwa sababu kwao jua lilikuwa limekaza. Alikuja na viatu vya akala vilivyokatwa kwenye tairi, meno meupe, na sega la asali lililofungwa kwa majani. Akaambiwa naye atasema mstari pamoja na watoto wa kwetu. Akanijia, maana mji mzima ulijua mistari iko kwa nani. Alitaka mmoja rahisi, usio na majina ya watu. Nilitazama lile sega. Asali ya Mbeere, ukiiweka ulimini unasikia maua ya miiba yote ya kule.

Nikamuuzia ule mfupi.

Usinihukumu kabla hujasikia hesabu. Mwalimu Kagendo wa shule ya Jumapili alikuwa akiita kwa mabenchi, kutoka mbele kurudi nyuma. Mutuma angekaa benchi la tatu. Njeru, kama mgeni asiye na nafasi, angekaa la mwisho. Nilihesabu mabenchi mara mbili. Mutuma angeusema kwanza, apokelewe. Njeru akifika zamu yake akakuta mstari umekwisha, hiyo ni shida ya Njeru, naye Jumatatu anarudi kwao na asali nimeshaila. Biashara safi, isiyo na mdomo.

Siku ikafika. Kanisa lilijaa hadi madirishani. Nyuma, akina mama walikuwa wameshasonga mukimo wa viazi na mahindi na sufuria ya mbuzi ilikuwa inatokota, na harufu ile iliingia ibadani bila kuvua kofia. Shosho yetu, mama yake Baba, alikaa benchi la mbele na fimbo yake. Kiswahili hakukijua hata cha kuombea maji, lakini hakukosa ibada yoyote ya Kiswahili, alisema Mungu atamtafsiria. Mwalimu Kagendo akasimama na karatasi yake, akatabasamu, akasema, "Leo tuna mgeni wetu kutoka Mbeere. Kwetu hapa, mgeni hutangulia."

Nilikuwa nimehesabu mabenchi mara mbili na adabu sikuihesabu hata mara moja.

Njeru akasimama mbele na akala zake, akautoa ule mstari kwa pumzi moja, maneno matatu kama mtu anayetema mbegu za chungwa. Watu wakacheka kwa upole, wakampigia makofi. Mimi nilikuwa nimeshika benchi kwa mikono yote miwili. Mutuma aligeuka akanitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anavyoitazama mvua inayokuja na nguo ziko kambani.

Benchi la kwanza likapita, la pili likapita. Akaitwa.

Alisimama. Akafumba macho. Herufi ya kwanza ikamshika, na kanisa zima likashika pumzi pamoja naye. Mtoto mmoja nyuma akanong'ona jina lile la Babu, akafinywa. Nilianza kutafuta kichwani mstari mwingine mfupi wa kumrushia kwa midomo, na mimi, ghala la mistari, sikuwa na hata mmoja. Kisha neno likatoka. Halafu la pili. Na nikatambua anachosema, nikadhani amepotea njia, kwa sababu alikuwa ameanza Zaburi ya mchungaji. Hakuchagua mstari wa zaburi ile. Aliishika zaburi nzima, kutoka kichwani hadi miguuni.

Ilichukua muda, sitakudanganya. Malisho peke yake yalitukalisha. Kwenye maji tulivu Kinoti alisema "Amina," akanyamazishwa. Watu wakaanza kusogeza miguu. Mbuzi alitokota, mtu akatoka kwenda kuangalia moto, mwingine akamfuata kumsaidia kuangalia. Mchungaji alitazama saa yake, kisha kwa upole kabisa, na alikuwa mtu mpole, akasema, "Inatosha, mwanangu. Tumesikia."

Baba aliinamisha kichwa. Ndipo Shosho aliposimama. Alisimama kwa awamu, kwanza fimbo, kisha magoti, kisha mgongo, na kanisa lilimngoja afike juu. Akasema kwa Kimeru, bila kupaza sauti:

"Mwacheni amalize. Mungu hana haraka. Wenye njaa ni nyinyi."

Hakuketi tena. Alibaki amesimama hivyo, na mtu mzima hawezi kulalamika mbele ya bibi aliyesimama. Mutuma akaendelea. Bonde lile la giza alilipita neno kwa neno, meza ikaandaliwa, kikombe kikajaa, na alipofika katika nyumba ambamo atakaa siku zote hakuna aliyekuwa akiangalia mlango wa nyuma. Makofi hayakupigwa mara moja. Nadhani watu walikuwa wamesahau kwamba ni zamu yao.

Alipokelewa. Mukimo ulikuwa umepoa na mafuta ya mbuzi yameganda, tukala hivyo hivyo.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani, kando ya mfereji, nilimvuta nyuma ya wengine. Nilitaka kuomba msamaha lakini sikujua bei yake, basi nikauliza swali. Nikamuuliza kumbe zaburi ile aliijua tangu lini.

"Zote nazijua," alisema, akichukua muda wake. "Na mistari yenu yote ya jioni. Nasikiliza."

"Sasa mbona ulikuwa unanipa ukoko? Si ungesema tu mwingine?"

Alirusha jiwe kwenye maji, akalitazama.

"Nikisema mrefu, chakula kinapoa. Kinoti analia njaa. Na Mama amechoka."

Hivyo tu. Mwaka mzima na zaidi nilidhani namuuzia mtu mjinga kitu asichoweza kukipata penginepo. Kumbe alikuwa akitununulia sisi chakula cha moto, kwa ukoko wake mwenyewe, na mimi mmoja wa waliokila. Nilipiga hesabu hiyo mara mbili hadi tukafika nyumbani, na mara zote mbili ilinikataa.

Jioni iliyofuata Baba alikohoa. Kawira akasema mstari wake kuhusu ndimi za udanganyifu, akinitazama, maana Njeru alikuwa amemwambia yote kuhusu ile asali. Zamu ikawa yangu. Mutuma alikuwa ameshaisogeza sahani yake karibu na yangu, ili ukoko ukipakuliwa uje kwangu. Niliirudisha kwa kidole, nikafumba macho, nikausema ule mfupi mimi mwenyewe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumpa mtu kitu bure, na hata hicho nilimpa kwa kumnyang'anya. Akaduwaa. Kisha akaanza mrefu wake, na sote tukangoja. Kinoti alilia. Mama alimpakata, akasema yale maneno yake mawili. Viazi vilipoa, na Baba, aliyezoea kutungojesha, alijifunza kungoja.

Sisemi enzi zetu zilikuwa takatifu. Mimi mwenyewe niliongoza kwa kuuza neno la Mungu rejareja. Lakini nikiwatazama vijana wa siku hizi nacheka kwa pua. Binti yangu ana Biblia nzima ndani ya simu, tafsiri nane. Kabla hajanawa uso ameshaweka mstari kwenye status, na ukimuuliza saa nne ni mstari gani, anakwambia ngoja niangalie. Kanisa letu limenunua spika ambazo hata Mungu angekuwa amestaafu kule juu Ruiri angezisikia. Ibada inatakiwa iishe kwa saa moja na nusu, watu wana mambo. Mambo yenyewe ni kukaa nyumbani kila mtu na skrini yake, chakula kinapashwa moto kwenye mashine kwa dakika moja na nusu, na ile dakika moja na nusu wanailalamikia. Mtoto wetu akichelewa kusema, tunamsemea. Akiwa mkimya tunamtafutia jina la ugonjwa. Hatuna tena mtu wa kusimama na fimbo.

Krismasi iliyopita jamaa zangu wote walikuja kwangu Mitunguu. Mutuma aliteremka kutoka Ruiri, ambako ana ng'ombe, viazi, na mke anayezungumza kwa wawili. Alikuja na gunia moja na nusu la viazi na sweta lake la kila mwaka. Mukimo ulikuwa mezani, chapati zimepangwa kama mnara, kwa maana siku hizi chapati ni ya kila wiki na hakuna anayeishangilia. Nikasema mkubwa wa kiume aombee chakula. Mwanangu Mutwiri, bila kuinua macho kwenye simu, akasema, "Anko, fupi tu basi. Tumesota na njaa."

Vijana wakacheka. Hawakuwa na ubaya, walikuwa na njaa. Mutuma akawatazama mmoja mmoja, akawatazama watoto wadogo walioshika vijiko, na nikaona uso ule ule wa nyuma ya ghala la mahindi. Aliinamisha kichwa, akavuta pumzi, na neno la kwanza la ule mstari wa maneno matatu likaanza kumtoka.

"Huo hapana," nikasema. "Huo ulishauzwa zamani. Sema mwingine."

Akafumbua macho. Ndugu yangu ana mvi sasa, lakini alitabasamu kama mtu anayeteleza juu ya mgomba. Mutwiri aliuliza kuna nini, nikamwambia aweke simu kifudifudi na anyamaze. Nikasimama. Nami siku hizi nasimama kwa awamu.

Mutuma akaanza. Herufi ya kwanza ikamshika, akaingoja, ikamwachia. Mvuke wa mukimo ulipungua, kisha ukaisha. Najua sala haifumbuliwi macho, lakini mazoea ni mazoea: nilifungua jicho moja nikahesabu watu walioinamisha vichwa. Kumi na mmoja. Mukimo ulipokuwa umepoa kabisa, na sala yake haijafika hata kwenye kuombea mvua, nikahesabu tena. Kumi na mmoja.